Nesi Filomena Kokushubila, Aliyetaka Yasemwe Mchana Kweupe

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Mabibo na nyote mliofika hapa makaburi ya Kinondoni leo Jumamosi, tarehe 20 Machi 1999. Mimi ni Adelard Mutalemwa, mwalimu, mdogo wake marehemu. Kikao cha familia cha jana kilinipa kazi ya kuandika wasifu huu, kikanipa na masharti mawili: niwe mfupi, na nisiutaje ugonjwa uliomuua. Niandike tu "baada ya kuugua kwa muda mrefu", kama tulivyotangaza redioni. Sharti la kwanza limenishinda tangu mstari huu. La pili nitalieleza tukifika, maana marehemu mwenyewe aliacha agizo la kinyume, na aliyemfahamu dada yangu anajua kwamba kufa peke yake hakutoshi kumfanya aache kubishana.

Marehemu Filomena Kokushubila Mutalemwa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1941 huko Kashozi, Bukoba, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa marehemu mzee Klementi Mutalemwa na marehemu Mama Anatolia. Mama yetu alifariki mwaka 1953 akijifungua mtoto wa sita, na mtoto naye hakupona. Sisi wadogo tuliambiwa mama amesafiri kwenda Masaka kumwona dada yake. Tukawa tunakaa njiani kila jioni kumngoja. Filomena alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku moja alitukusanya nyuma ya jiko akatuambia mama amekufa, amezikwa pale kwenye migomba, tusimngoje tena. Alichapwa na shangazi kwa hilo. Sisi tulilia mpaka tukalala, na kesho yake hatukwenda njiani.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Kashozi, kisha akajiunga na chuo cha wauguzi cha misheni kuanzia mwaka 1959 hadi 1962. Alifaulu vizuri. Sista mkuu wa chuo alimsifu kwa usafi na kuwahi kazini, ila alilalamika kwamba mwanafunzi huyu ana tabia ya kuwajibu wagonjwa maswali yao yote. Siku hizo mgonjwa alitakiwa kumeza dawa na kushukuru. Dada aliikumbuka lawama hiyo maisha yake yote na alikuwa akiwasimulia wageni kama vile wengine wanavyosimulia nishani.

Tarehe 27 Novemba 1965 alifunga ndoa na marehemu Gaspar Rugemalira, karani wa bandari, na mwaka 1970 wakahamia Dar es Salaam. Walijaliwa watoto wawili, Albano na Demetria. Shemeji Gaspar alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda chumvi na wageni. Ndoa yao ilikuwa na amani isipokuwa wakati wa chakula, kwa sababu marehemu alikuwa na desturi ya kutangaza presha ya mumewe mbele ya watu, pamoja na chanzo chake, akikionyesha kwa kijiko. Shemeji alikuwa akituambia kwamba yeye hakuoa mke, ameoa redio. Alifariki mwaka 1988 kwa presha hiyo hiyo, na dada hakumwambia mtu yeyote kwamba alishasema. Lilimkaa moyoni.

Alifanya kazi katika zahanati ya serikali huku Kinondoni tangu alipofika mjini hadi mwaka 1993, alipokuwa miongoni mwa watumishi waliopunguzwa. Wengi wenu hapa amewachoma sindano, na wengine amewasema vibaya kwa kuchelewesha watoto chanjo. Lakini kazi iliyowaleta hapa vijana mnaowaona wamekaa upande wangu wa kulia, wakiongea kwa mikono, ilianza miaka miwili kabla ya hapo, na ilianza kwa hasira.

Mwaka 1991 Bi Somoe, jirani yetu, alimleta zahanati binti yake Lulu, mwenye miaka kumi na mitano, kiziwi tangu utotoni. Mtoto alikuwa amekonda kwa woga. Ilichukua muda mrefu kufahamu kwamba hana ugonjwa wowote. Alikuwa akipata hedhi kwa mwaka mzima, na mwaka mzima alikuwa akiamini kwamba anakufa polepole, na kwamba nyumbani wanalijua hilo, ndiyo maana hakuna anayemwambia kitu. Dada alimuuliza mama yake kwa nini hakumweleza. Bi Somoe, ambaye yupo hapa na ameniruhusu kulisema, alijibu kwa uchungu: "Sasa mie ningemwambiaje, nesi? Si hasikii." Dada zake Lulu walichezwa unyago, wakafundwa kwa ngoma na nyimbo. Lulu aliachwa nje kwa sababu hasikii nyimbo.

Marehemu alirudi nyumbani siku hiyo hataki kula. Akaanza kuuliza. Ukitaka kujua namna dada yangu alivyokuwa akiuliza, fikiria mtu anayegonga mlango ambao anajua kabisa kuna watu ndani. Aliuliza wilayani, akauliza kwenye miradi iliyokuwa inafunguliwa kila mtaa siku zile kama maduka ya mitumba: vijana viziwi wanapataje habari za afya? Ofisi moja ilimjibu iletewe kwanza takwimu za viziwi wa Kinondoni na Temeke. Takwimu hazikuwepo. Basi, wakamwambia, bila takwimu haiwezekani kujua kama tatizo lipo. Watu wengine walimuuliza kama ana mtoto bubu nyumbani, maana hawakuona sababu nyingine ya kujisumbua kiasi hicho. Alichoka sana na swali hilo. Ilifika mahali analijibu kabla halijaulizwa.

Aliyewafundisha yeye, Demetria na Lulu lugha ya alama ni Shomari, fundi seremala wa Kiwalani, kiziwi, mtu mwenye subira ambayo Mungu alimpa akijua atakutana na dada yangu. Marehemu alijifunza akiwa na miaka hamsini na vidole vimeshakuwa vigumu. Mpaka mwisho, vijana walisema alama zake zilikuwa kama za mtu anayefukuza nzi. Viziwi humpa kila mtu jina la alama. Jina lake lilikuwa vidole viwili vilivyowekwa katikati ya nyusi, pale kwenye mikunjo yake. Mtafahamu wenyewe kwa nini.

Mwaka 1992 gari la sinema la mradi mmoja wa afya lilikuja Kiwalani kuonyesha filamu ya UKIMWI uwanjani. Dada na Shomari walikusanya vijana viziwi na kuwaketisha mbele. Mpango ulikuwa Shomari asimame pembeni ya kitambaa na kutoa alama, dada akimpasia maneno. Hakuna aliyefikiria jambo ambalo mtoto mdogo angelifikiria: sinema ya uwanjani huonyeshwa gizani. Giza lilipoingia, filamu ikaonekana na Shomari akapotea. Dada akawasha karabai ili mikono ionekane. Picha ikafifia, watu wakapiga kelele, na mwenye gari akaja kuizima karabai mwenyewe. Vijana wakatazama filamu nzima bila maelezo.

Wiki iliyofuata aliwauliza wamejifunza nini. Walikuwa wamemwona mtu anakunywa bia, anacheka na mwanamke, anakonda, anazikwa. Kijana mmoja, Badru, alieleza kwa uhakika mkubwa kwamba bia inakondesha mpaka kuua, na kwamba yeye ameshaiacha, kwa hiyo yuko salama. Mwingine alisema ukitaka kujua mwenye UKIMWI mtazame wembamba wake, mtu mnene hana neno. Wote wakakubaliana. Dada aliniambia angalau kabla ya sinema ile walikuwa hawajui, na sasa wanajua uongo, na ni afadhali mtu asiyejua.

Alipopunguzwa kazi mwaka 1993 alipewa kiinua mgongo. Familia ilikaa, ikapanga. Nyumba yake ya Mabibo ilikuwa na paa upande mmoja tu, na kila masika tulikuwa tunahamisha vitanda. Hizo zilikuwa fedha za bati, hilo halikuwa na mjadala. Marehemu aliitikia kila kitu kikaoni, kwa upole ambao ungepaswa kututia wasiwasi. Mwezi uliofuata nilimkuta sebuleni na televisheni, deki ya video na jenereta ndogo, vyote vya kutoka Dubai, vimefunikwa nailoni, na mvua inanyesha upande wa pili. Nilimuuliza bati ziko wapi. Alinijibu kwamba bati anazo, ziko dukani, hazijaenda popote.

Basi alikuwa na mashine lakini hana cha kuonyesha, ikabidi wapige picha zao wenyewe. Alimpata Brightson, kijana mpiga video wa harusi, hodari, mwenye kamera nzuri na kazi nyingi za Jumamosi. Shomari na Lulu walisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, jua likiwaka, wakaeleza kwa alama habari za hedhi, mimba, magonjwa ya zinaa na kipindupindu. Kutwa nzima walifanya. Brightson akachukua kanda akaenda kuitengeneza vizuri.

Tulipokaa kuitazama, tuliona vichwa. Brightson alikuwa amezoea harusi, na katika harusi anayelipa anataka kuona uso wa bibi harusi. Alikuwa amewavuta Shomari na Lulu kwa karibu, kuanzia mabegani kwenda juu. Saa nzima tukatazama watu wawili wakitikisa vichwa, wakikunja nyuso, mikono iko chini nje ya picha. Kila baada ya muda uso wa Lulu ulizunguka na kuingia ndani ya ua la waridi. Na ili kazi isiwe baridi, alikuwa ameijaza taarabu mwanzo hadi mwisho. Nilimtazama dada nikijua kwamba leo Brightson atakufa. Yeye alimuuliza kwa sauti ya chini muziki ule kamwekea nani. Brightson alifikiri kidogo, kisha naye akauona ukubwa wa jambo lenyewe, akaomba kamera yake. Walirudia kazi yote siku iliyofuata bila ya Brightson kudai kitu. Tangu hapo kijana huyu alikuwa akipiga picha za mikono hata harusini, na wateja walimlalamikia.

Kulikuwa na kikwazo cha pili, nacho kilikuwa marehemu mwenyewe. Pamoja na ukali wake wote alikuwa mama wa Kikatoliki aliyelelewa na masista, na kwenye habari za mwili alizunguka. Alitaka Lulu aonyeshe "mambo ya ndoa" kwa alama ya pete. Lulu alikataa. Alimwambia, Demetria akitafsiri, kwamba kwa mwaka mzima watu waliokuwa wanazunguka ndio waliomfanya aamini anakufa. Dada alinuna kutwa. Jioni akamwambia Brightson waanze upya, na safari hii Lulu asizuiwe.

Kuanzia mwaka 1995 walizunguka na pikapu ya Marijani, muuza nyanya wa soko la Mabibo, ambayo mchana haina kazi kwa sababu soko ni la alfajiri. Shomari alitengeneza kabati la mbao lenye mdomo mrefu kama kofia, televisheni ikakaa ndani, jua lisiipige. Kwa hiyo sinema yao ilionyeshwa saa tisa alasiri, mwanga ukiwepo, mtu akitaka kuuliza anauliza na mikono yake inaonekana. Walifika Kiwalani, Temeke, Kinondoni yote, kokote waliposikia kuna watoto viziwi waliofichwa uani. Deki ilinuka nyanya mpaka ilipokufa. Wenye kusikia nao walijaa kutazama, wakalalamika kwamba televisheni haina sauti. Dada aliwajibu: "Leo ni zamu yenu. Muulizeni mtoto huyo hapo awaeleze." Na kweli waliuliza, ndipo baadhi ya wazazi walipojua kwa mara ya kwanza kwamba mtoto wao ana jambo la kueleza.

Sitasema kwamba alishukuriwa. Mjumbe wa mtaa mmoja alimfukuza kwa sababu ya kipande kinachoonyesha kondomu. Katika jumuiya yetu aliombwa apumzike uongozi, akapumzika, akahamia benchi la mbele kabisa kanisani ili wasimkose machoni. Waliomwomba takwimu walimwalika kwenye semina hotelini mjini, yeye na Shomari, watoe uzoefu. Hakukuwa na mkalimani wa alama. Lakini kulikuwa na tafsiri ya Kiingereza, na binti wa mapokezi, kwa heshima zote, akamvisha Shomari vipokea sauti masikioni. Shomari alikaa navyo siku nzima kwa adabu. Dada alisimama kuchangia hoja, na sidhani kama semina ile imewahi kupata mchango wa aina hiyo. Hawakualikwa tena.

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Mwezi Aprili 1998 marehemu alianza kuumwa. Alipimwa mwezi Juni. Siku ya majibu tulikwenda naye mimi, Albano na Lulu, ambaye siku hizo alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, fundi cherehani, na ndiye aliyekuwa akimbebea chakula. Daktari alimwambia dada kwamba ni uvimbe, atapewa dawa. Kisha akatuita sisi wanaume wawili barazani na kutuambia jina la ugonjwa, na kwamba umeshasambaa, na kwamba matibabu yatapunguza maumivu lakini hayatauondoa. Akatushauri tusimvunje moyo mgonjwa. Nanyi mnajua mila yetu. Mgonjwa haambiwi. Ndugu hubeba, mgonjwa hupewa supu. Tukakubaliana palepale barazani kwamba ni uvimbe.

Tulimwambia muuguzi wa miaka thelathini kwamba ana uvimbe. Alituuliza uvimbe wa aina gani, tukasema wa kawaida. Alimuuliza Albano akiwa peke yake, akaniuliza mimi nikiwa peke yangu, na majibu yetu yalifanana mno. Alijua kuna jambo, lakini hakujua ukubwa wake, wala kama ana miaka au miezi.

Lulu alikuwa amesimama pale barazani wakati wote, hotipoti mkononi. Hakuna aliyemwambia asogee. Kiziwi unamwondoa kwa sababu gani? Tulisahau kwamba binti huyu alikuwa amelelewa kati ya watu wasiomwambia kitu, na kwa hiyo alikuwa amejifunza kusoma midomo, na kwamba mimi, niliyekuwa nikiyarudia maneno ya daktari, ni mwalimu, natamka polepole na mdomo naufungua sana. Alasiri ile ile alikaa kitandani kwa dada, akamwambia yote: jina, kusambaa, na kwamba hautaondoka.

Niseme ukweli, nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha yote mpaka leo. Nilitaka Lulu asifike tena pale nyumbani. Nilimwambia dada kwamba yule mtoto hana haki. Marehemu aliinuka, akaketi, akatuita wote chumbani, akasema maneno ambayo Demetria aliyatafsiri kwa mikono ili Lulu naye ayapate: "Nimewauguza watu maisha yangu yote. Habari ya tumbo langu mwenyewe nimeletewa na kiziwi, kwa sababu nyie wenye masikio mmekosa midomo." Albano alilia. Mimi nilitoka nje nikasimama chini ya lile paa lisiloisha.

Tangu siku hiyo hakuficha kitu. Alikwenda kwenye mionzi, akawauliza madaktari maswali mpaka wakaanza kumkwepa kwenye korido. Mwezi Desemba, akiwa amekonda sana, alimwita Brightson na kamera. Mtaani walishaanza kunong'ona kwamba Mama Albano ana ngoma, yaani UKIMWI, na wanene walikuwa wanamtazama kwa huruma. Alikaa kwenye kiti mbele ya ukuta ule ule wa chokaa, saa tisa alasiri, akaueleza ugonjwa wake kwa alama zake mbovu. Neno moja halikuwa na alama. Yeye na Lulu walilitunga: ngumi iliyoinamishwa, na kidole cha mkono wa pili kikionyesha kwenye kifundo. Brightson alilia akipiga, lakini mikono yote imo ndani ya picha. Kanda hiyo ameagiza wasichana wote viziwi waione, na wenye kusikia wakitaka.

Alifariki dunia nyumbani kwake Mabibo siku ya Jumatano, tarehe 17 Machi 1999, saa nne asubuhi, akiwa na Demetria na Lulu. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Ukoo ulitaka asafirishwe Bukoba. Aliacha agizo azikwe hapa, mchana, ili vijana wake waweze kufika na kuona kinachosemwa. Wapo waliokasirika na hilo. Nami nilikuwa mmoja wao mpaka leo asubuhi nilipoona jinsi vijana hao walivyojaa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Albano na Demetria, wajukuu wanne, wadogo zake watatu, mimi nikiwemo, mkwe mmoja, na vijana viziwi wa Mabibo, Kiwalani, Kinondoni na Temeke, ambao kikao kilibishana kama waandikwe kwenye wasifu au la. Nimewaandika. Ameacha pia nyumba yenye paa nusu, na masika yameshaanza.

Nimebakiwa na sharti la pili. Jana baba yetu mdogo alisema, na wazee wakamuunga mkono, kwamba ni aibu kuitaja sehemu ile ya mwili wa mama mbele ya padre na watoto. Aliyemtetea dada ni Demetria peke yake, akamkumbusha kila mtu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hakusikilizwa. Nikaandika kama nilivyoagizwa. Kisha nikampa Lulu karatasi aisome mapema, kwa sababu ndiye anayewatafsiria wenzake hivi sasa, hapa kulia kwangu. Alipofika kwenye "kuugua kwa muda mrefu" aliweka kidole chake pale, akamtazama Demetria, akauliza: "Huo ni ugonjwa gani? Niwaonyesheje?"

Nimefundisha miaka ishirini na mitano, nikajibu kama mwalimu. Nilijaribu kumweleza kwamba ni namna ya kusema. Akasubiri. Niliona wazi kwamba wenzake wataondoka hapa wanajua kuwa nesi wao amekufa, na hawajui kwa nini, na kila mmoja atajitungia sababu yake. Mmoja atasema bia.

Kwa hiyo, wazee wangu mnisamehe, nalifuta lile neno la redioni. Dada yangu Filomena Kokushubila amekufa kwa saratani ya shingo ya kizazi. Shingo ya kizazi ni mlango wa mfuko wa uzazi, na kila mwanamke anao. Dalili yake ilikuwa damu baada ya hedhi kukoma, na yeye mwenyewe, muuguzi, aliidharau kwa miezi kadhaa akisema hana nafasi. Ikigunduliwa mapema inatibika. Kina mama na mabinti mliopo hapa, mkiona damu isiyo ya kawaida nendeni mkapimwe, na majibu yakipelekwa barazani wakaambiwa wanaume wenu, rudini ndani mkaulize wenyewe.

Mungu Mwenyezi ampokee dada yetu na ampumzishe kwa amani, yeye ambaye hakumpa mtu yeyote hata siku moja ya kupumzika.